Mkwaruzo Nyuma ya Kabati

Ukienda leo kwenye matanga yoyote ya watu wa Buyenzi, ule mtaa wa Bujumbura, hapa Brussels, iwe Etterbeek iwe Forest, utamkuta Hawa amekaa karibu na mlango, na utasikia wanawake wananong'onezana: "Mama Fungua huyo." Jina hilo hawampi kwa mapenzi. Kila mtu anayesafiri kwenda Bujumbura, Hawa humfuata na kumwambia neno moja tu: mzigo wa watu ufungue. Ufumue uone kwa macho yako, na mwenyewe akinuna, anune. Na kwetu sisi hilo ni tusi. Kwetu mzigo wa amana hushonwa ndani ya kitenge, sindano na uzi pande zote, na ukishashonwa umeshonwa. Anayefumua uzi wa mwenzake ni mwizi au ni mchawi, hakuna wa tatu. Basi watu wamemchukia, na wengine wanasema ameuza jirani yake kwa Wazungu. Waseme. Mimi habari yenyewe nimepewa na Yolande, rafiki yake wa kazini, ambaye alikuwepo na ambaye hajui kufupisha maneno, na mengine nimeyasikia kwa Hawa mwenyewe.

Hawa alifika Ubelgiji mwaka 2000, vita bado inawaka kwao, mkononi begi moja. Alilala kituo cha wakimbizi, akasoma Kifaransa, akafagia ofisi za watu, mwishowe akapata kazi kwenye nyumba ya wazee kule Woluwe-Saint-Lambert. Kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha supu kijiko kwa kijiko. Kazi hiyo anaiweza, mikono yake ni mepesi. Lakini hebu fikiria, miaka yote hiyo anaogesha mama za watu, na mama yake mwenyewe yuko Buyenzi, peke yake, magoti yamekufa, anayemuogesha ni jirani. Hawa alikuwa anatuma hela ya dawa kila mwezi. Kwenda hawezi. Mkimbizi hawezi kurudi alikokimbia mpaka apate pasipoti ya huku, na pasipoti ya huku ilikuwa inakuja, inakuja, kila siku inakuja.

Mama alifariki Desemba 2011. Pasipoti ikatoka baada ya mazishi.

Asiyekuwepo na lake halipo, lakini Hawa alikwenda hivyo hivyo, akawahi arobaini. Akakuta kaburi limeshakauka. Akakuta nyumba imefagiwa, kanga za mama zimekunjwa, na aliyefanya yote hayo ni Jamila, jirani wa ukuta mmoja. Hawa na Jamila wamekua pamoja, wamekula sahani moja. Jamila ndiye aliyemlisha bibi yule, ndiye aliyemfunga kidevu alipokata roho, ndiye aliyemuosha. Hawa alikuwa na swali moja tu moyoni, nalo lilimnyima usingizi tangu Brussels: mama kaniacha na radhi, au kaondoka na kinyongo? Mtoto asiye na radhi ya mama, kwetu, hata akijenga ghorofa ni sawa na aliyelala nje.

Siku ya kuondoka akamuuliza Jamila. Jamila akamshika mikono miwili.

"Alikuwa radhi nawe, dada. Alisema mbele yangu: Hawa mwanangu niko radhi naye, duniani na akhera."

Hawa akalia mpaka kanga ikalowa. Alipomaliza kulia, Jamila akaingia ndani, akatoka na mzigo. Umeshonwa vizuri kwa uzi wa kijani, kitenge nacho kijani chenye duara za manjano, unanuka ndagala, dagaa wa ziwani kwetu.

"Ndagala kidogo tu. Za Bahati, mtoto wa dada yangu, yuko huko huko kwenu. Atakuja kuchukua. Ila usiziweke kwenye frigo, Hawa, zitaharibika. Weka penye joto."

Ndagala zisizotaka baridi! Mtu mwingine angeshtuka hapo hapo. Lakini utamhoji vipi mtu aliyemuosha mama yako? Hawa akaweka mzigo katikati ya sanduku, akauzungushia kanga za marehemu, akapanda ndege. Zaventem, uwanja wa ndege wa Brussels, hakuna aliyemuuliza kitu.

Ilikuwa mwanzo wa Februari 2012. Waliokuwepo wanaikumbuka ile baridi, mabwawa yote yaliganda na watoto wakawa wanateleza juu yake. Hawa anakaa Etterbeek, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko jembamba. Mzigo akauweka jikoni chini, karibu na bomba la shofaji, lile la kupasha nyumba joto, kama alivyoambiwa. Kwa ajili ya theluji Bahati alichelewa kuja, karibu wiki nzima. Hawa akawa anapita pale anapika chai, anafikiria ya kwake. Kuna asubuhi aliona kona moja ya mzigo uzi umelegea, kitenge kimeachia. Akasema labda ni panya, akaurudishia kwa mkono, hakuchungulia. Amana ni amana.

Bahati alipokuja alikuwa kijana wa heshima zake, koti refu, marashi mazuri. "Shikamoo maman, pole na msiba." Akapiga magoti jikoni, akaanza kuupapasa ule mzigo juu ya kitenge, polepole, kiganja kizima, kama daktari anayepapasa tumbo la mwenye mimba. Hakuufungua. Alipofika kwenye kona iliyoachia mkono ukasimama.

"Maman, hakuna kitu kilianguka huku?"

"Kitu gani?"

"Kitu. Chochote."

"Ndagala zako sikula, baba. Kwangu zimejaa."

Kijana hakucheka. Alitazama chini ya meza, akatazama chini ya kabati, akasema asante, akaondoka ameukumbatia mzigo kifuani. Hawa alibaki amechukia kweli kweli. Yaani mimi? Mimi mwizi wa ndagala?

Mkwaruzo ulianza baada ya hapo.

Zamu ya Hawa ni ya mchana, kwa hiyo asubuhi yuko nyumbani peke yake. Siku moja, shofaji imeshawaka, mabomba yamepata moto, anasikia kutoka nyuma ya kabati la jikoni: krrr. Kimya. Krrr, krrr. Akazima redio. Krrr. Si panya, panya anatafuna haraka haraka. Hiki kilikuwa kitu kinachokwaruza taratibu, kwa subira, kinapumzika, kinaanza tena.

Hawa aliijua sauti ile. Mama yake alikuwa muuza wali na maharage, na kila alfajiri alikuwa anakaa barazani na sufuria katikati ya miguu, anakwangua ukoko kwa kijiko cha bati. Taratibu, kwa subira, anapumzika, anaanza tena. Hawa ameamshwa na sauti ile utoto wake wote.

"Mama?" akasema.

Krrr.

Alitoka nyumbani bila koti, akaja kupata akili kituo cha basi, theluji imejaa viatuni.

Kazini akamwambia Yolande. Yolande ni wa Lubumbashi, mtu wa sala na mtu wa maneno, na jini au mzimu hamuogopi, ila mende. Akaweka sahani ya mzee mmoja chini, akamkazia macho.

"Hawa, we sikia mi nakuambia. Ile kintu ni mama yako. Muntu akikufa na neno mu moyo, halali. Haulikuwa ku mazishi, donc yeye amekuja kwako. Bon. Umuulize: maman, unataka nini? C'est tout."

"Lakini alisema yuko radhi nami. Jamila alisikia."

"Kama iko radhi, alors kwa nini anakwaruza?"

Loh! Neno lile lilimwingia Hawa mpaka kwenye mfupa. Kweli, kwa nini anakwaruza? Tangu siku ile akawa hana raha. Akimlisha mzee anasikia krrr kwenye kijiko. Asubuhi anakaa jikoni na shali mabegani, anangoja shofaji ipate moto, maana aligundua mama haji kwenye baridi. Baridi ikitawala nyumba, kimya. Mabomba yakipata moto, anaanza. Hata hilo likamuuma: mama alikuwa mtu wa jua, amekuja kunifuata kwenye barafu hii.

Akamwita Maalim Abeid, mzee anayesomesha watoto wao Kurani Jumamosi. Maalim akaja, ubani ukachomwa, Yasini ikasomwa jikoni pale, kati ya sinki na friji. Alipofika katikati ya sura, krrr. Maalim akanyamaza. Akatazama kabati. Akaendelea kusoma kwa sauti kubwa zaidi, na kile kitu nacho kikaendelea. Jasho lilikuwa linamtoka mzee wa watu.

"Kuna panya, binti yangu," akasema alipomaliza, lakini viatu alivaa upesi upesi, na chai hakunywa.

Sasa, jambo la majani. Siku moja Hawa alikuwa anachambua lengalenga, mchicha ule wa kwetu, anaununua Matonge, mtaa wa maduka ya Waafrika. Jani likamdondoka, likaingia chini ya kabati, hakuliona tena. Kesho yake akakumbuka kwamba mama alipenda lengalenga kuliko nyama. Akachukua jani moja, akaliosha, akaliweka chini sakafuni mbele ya ule ubao wa chini ya kabati, pale penye upenyo. Aliona haya mwenyewe. Akaenda kazini. Aliporudi jioni jani halipo.

Akaweka lingine. Halipo.

Basi furaha aliyoipata Hawa siku ile, anasema, hajapata tena. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye friji, analia na kucheka. Mama kala! Mtu aliye na kinyongo nawe hali chakula chako, hilo kila mtu anajua. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kazi, lengalenga na kisahani cha maji. Na maneno. Alimwambia mama kila kitu. Habari za kituo cha wakimbizi, za ofisi alizofagia, za pasipoti iliyochelewa, jinsi alivyosimama mbele ya dirisha la komini, ofisi ya manispaa, akiuliza tena na tena mpaka wakamjua jina. Alimweleza kwamba siku ya mazishi alikuwa anamuogesha bibi mmoja wa Kibelgiji, akamuogesha polepole sana, akijisemea kwamba ni yeye. Mambo ambayo hajawahi kumwambia mtu. Na nyuma ya kabati, krrr, krrr, kama mtu anayeitikia.

Maalim alipoambiwa kwa simu alikasirika. "Maiti hali, Hawa! Astaghfirullah! Hicho unacholisha hukijui!" Hawa akakata simu. Hata Yolande, aliyeanza yote, aliingiwa na hofu. Alikuja Jumapili moja baada ya kanisa, akaona kisahani, akaona jani linavutwa. Linavutwa, nakwambia! Jani la lengalenga linatembea lenyewe sakafuni, linaingia gizani kidogo kidogo, halafu halipo. Yolande alipanda juu ya kiti na Biblia yake.

Hivyo ndivyo Hawa alivyoishi Machi yote. Alinenepa hata. Wazee kazini waliuliza kama ana mchumba.

Mwezi wa nne hali ya hewa ikapata joto kidogo, na mwenye nyumba akazima shofaji ya jengo zima. Ndani kukawa na ile baridi ya kijinga ya masika ya huku, jua liko nje, ukutani barafu. Na mama akanyamaza. Jani la kwanza likabaki. La pili likabaki juu yake, yakanyauka yote mawili. Hawa aligonga kabati. Aliita. Aliomba msamaha kwa kila kosa alilolikumbuka tangu utotoni, hata sukari aliyoiba. Hakuna kitu. Hapo ndipo alipochanganyikiwa hasa, akampigia Yolande anapiga kelele: "Ameondoka! Nimemuudhi, ameondoka!"

Yolande alikuja peke yake, mikono ya sweta ameshaikunja. "Tunatosha huu upuuzi leo, tunaumaliza. Ile armoire tunaivuta. Kama ni mama yako, tutamsalimia."

Hawa hakutaka. Alisimama mlangoni, kwa sababu aliogopa atakachokiona, na zaidi ya hapo aliogopa asione kitu. Lakini Yolande alishang'oa ubao wa chini, akashika kabati kwa pembe, na Hawa akaona aibu kumwachia peke yake. Wakavuta. Vumbi, utando wa buibui, kijiko kilichopotea zamani. Na pale bomba linapoingia ukutani, kwenye ufa wa plasta, kitu kimejibana.

"Ndoki! Mchawi!" Yolande akapiga ukelele, akanyakua ufagio.

Hawa akamshika mkono. Alikuwa ameona mguu. Mguu mdogo wenye magamba, kucha zimeisha kwa kukwaruza plasta, na kwenye mguu wa nyuma gundi ya kahawia, ile gundi pana ya kufungia makatoni, imeshika kipande cha soksi ya mtoto. Juu ya soksi uzi wa kijani. Uzi wa Jamila.

Alikuwa kobe. Si kobe wa kuvimba mgongo kama mnayemjua. Huyu alikuwa bapa, chapati yenye miguu, gamba lake laini ukilibonyeza, limechorwa miale ya manjano. Macho yamefumba. Kando yake, sakafuni, yai moja jeupe limepasuka, limekauka. Na mabua ya lengalenga, mengi, yametafunwa mpaka nyuzi.

Yolande anasema Hawa alitazama yale mabua muda mrefu sana, halafu akamnyanyua yule mnyama kwa mikono miwili, kwa namna anavyonyanyua wazee, mkono mmoja chini ya kichwa. Ni baridi kama sahani. Akamtia kifuani ndani ya kanga.

Daktari wa wanyama wa kona ile hakutaka hata kumgusa. Aliandika anuani akasema mpelekeni Forest, upesi, na msimwonyeshe mtu njiani. Wakaenda na tramu, kobe ndani ya kapu la sokoni, Yolande amekaa siti ya mbali kabisa kama hawajuani.

Forest kuna majengo mengi ya viwanda vya zamani. Kituo chenyewe, cha kutunza wanyama waliokamatwa, kilikuwa ghala, mlango wa chuma usio na jina. Aliyewafungulia ni mama wa Kibelgiji mwenye mvi, mikono imejaa makovu, anaitwa Cécile. Alifunua kanga, akavuta pumzi, akasema, "Ingieni."

Ndani joto la Bujumbura. Joto lile lile, lenye unyevu, la Oktoba kabla ya mvua. Vioo kutoka sakafuni mpaka dari, taa nyekundu, na nyuma ya kila kioo kuna kitu kinakutazama. Chatu aliyekutwa kwenye beseni la kuogea la nyumba iliyohamwa. Kenge asiye na mkia. Vinyonga wa milimani, kijani kimewatoka, wamekuwa rangi ya majivu, wameshikilia vijiti. Makobe juu ya makobe. Viumbe wengi hivyo na hakuna sauti hata moja. Huwezi kujua nani yuko hai mpaka akufumbie jicho. Yolande alianza Baba Yetu taratibu, akaimaliza, akaanza tena.

Cécile alimweka kobe chini ya taa, akamkata gundi mguuni kwa mkasi mdogo.

"Jike," akasema. "Kobe wa aina hii hukaa kwenye nyufa za majabali, Tanzania hasa. Akiogopa hajifichi kwenye gamba, gamba lake halifai kitu. Hukimbilia ufa, anajibana humo, hata ukimvuta hatoki. Basi wanaomtafuta huleta jeki ya gari, wanapasua jabali. Wakishampata, ufa umekufa. Hakuna kobe mwingine atakayekaa pale, hata baada ya miaka mia. Na jike hutaga yai moja tu kwa safari. Moja."

Hawa akalikumbuka yai lililokauka.

"Mtamrudisha lini kwao?"

"Harudi, madame. Jabali lake ni lipi? Hatujui. Na akirudi ameshika ugonjwa wa hapa, atawamaliza waliobaki." Akafuta mkasi. "Watu wanaotaka kitu adimu sebuleni hawaishi. Kila alivyo adimu ndivyo wanavyomtaka zaidi. Huletwa kwa soksi, kwenye sanduku, wengi kwa pamoja, na anayewabeba mara nyingi hajui. Wengi hufika wamekufa. Hupapaswa tu, kujua nani bado anacheza."

Hapo Hawa akaona tena kile kiganja cha Bahati kinapita juu ya kitenge, polepole. Wakati ule, pale jikoni kwake, kijana alikuwa anahesabu maiti. Na yeye aliwabeba wale wote wakiwa wamezungushiwa kanga za mama.

"Inspekta wa wanyamapori atataka kujua nani alikupa," Cécile akasema, kwa upole. "Hulazimiki leo."

Hawa alirudi Etterbeek, akapiga simu Buyenzi. Hakupiga kwa ajili ya kobe peke yake. Nadhani umeshaelewa kwa nini. Mchana mmoja, mdomo mmoja, ulimpa maneno mawili: mzigo ni ndagala, na mama yuko radhi. La kwanza lilikuwa uongo.

"Jamila, kwenye mzigo kulikuwa na nini?"

"Ndagala, dada. Si nilikuambia?"

"Ndagala mmoja amekaa jikoni kwangu tangu Februari. Nimemtoa leo."

Jogoo akasikika kule Buyenzi. Kisha Jamila akaja juu.

"Ni kobe, Hawa! Kobe tu, si watu! Wanaletwa wamejaa magunia kutoka ng'ambo ya ziwa, mimi nisiposhona atashona mwingine. Wewe ulituma hela. Mimi nilitoa mikono hii. Unajua uchafu niliosafisha? Unajua? Leo unanipigia kwa ajili ya kobe. Kweli fadhila za punda ni mateke."

"Kobe nimemaliza," Hawa akasema. "Nataka la mama. Mama alisema nini?"

"Nilishakuambia."

"Niambie tena, Jamila. Apa kwa mtoto wako mkubwa, niambie tena."

Hakumwambia tena. Hawa alisikia anavuta pumzi, anaachia, anavuta. Aliposema, sauti ilikuwa nyingine, imechoka, ya mtu wa umri wake.

"Hakukutaja. Wiki ya mwisho hakumtaja mtu. Alikuwa anamuita mama yake. Mchana kutwa, mama, mama. Mimi ndiyo nilikuwa naitikia, nasema nipo mwanangu, ili apumzike. Ulikuja umekonda vile, unaniuliza, ningekujibu nini?"

"Ulinionea huruma, au ulitaka nibebe mzigo?"

Simu ikakatika. Hawa alipiga tena mpaka salio likaisha, na mpaka leo, miaka imepita, Jamila hajapokea.

Alikwenda Forest kesho yake akataja majina yote mawili, la Jamila na la Bahati. Kwa Bahati inspekta na wenzake walikuta makasha ya vioo na taa zinawaka, wanyama hakuna, ila wachache waliotupwa kwenye mfuko wa takataka. Yule kobe jike alipona. Akapewa namba, akawekwa na madume wawili kwenye mawe ya simenti, na Hawa humpelekea lengalenga akiwa na nafasi, ingawa ameambiwa asilete nyingi.

Lakini asubuhi ile, kabla ya kwenda Forest kutaja majina, alikuwa amekaa jikoni. Yolande alisharudisha kabati ukutani, sakafu imepigwa deki, kisahani kimeoshwa. Hawa alikaa mahali pake pa kila siku, shali mabegani, mgongo kwenye friji. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa mengi. Alimwita mama mara moja, kwa sauti ya kawaida, akangoja. Friji ilinguruma ikanyamaza. Kote nyumbani hakukuwa na mtu, na hapo ndipo Hawa alipoiogopa ile nyumba tupu kwa mara ya kwanza. Alichukua koti lake, akaenda kusimama kituoni hata kabla basi la kwanza halijapita.